Mke wa Mungu Anakula Wali

Kule Kasaji, zamani, wakati mi ningali mutoto wa kukimbilia treni, kulikuwa na mpiga picha mmoja aliyekuwa akishuka pale na mashine yake na kitambaa kikubwa kilichochorwa. Kwenye kitambaa kulikuwa na ngazi, maua, na gari jeusi lenye mlango mmoja tu, nadhani mchoraji alikosa nafasi. Mtu alisimama mbele ya gari lile, akavaa koti la mpiga picha, akashika kitabu cha mpiga picha, na mpiga picha aliporudi safari nyingine alimletea sura yake kwenye karatasi. Jirani yetu mama Feza, aliyekuwa anauza mikate ya mafuta pale stesheni, alipigwa picha hivyo, na viatu virefu vya kuazima, mkono kiunoni kama alivyoelekezwa. Alikuwa mjane, mtu wa kanisa, hata kucheka alicheka ameziba mdomo. Miaka ikapita. Siku moja mtu akarudi kutoka Lubudi akasema ameiona picha ya mama Feza imetundikwa ndani ya baa, na mwenye baa anawaambia wateja kwamba huyu ni mwanamke fulani wa Lubumbashi aliyewafilisi wanaume wawili, wa tatu akajinyonga. Mpiga picha alikuwa ameuza nakala. Mama Feza hakubishana. Alipanda treni, akaenda mwenyewe kuitazama, akarudi. Tukamuuliza. Akasema yule si yeye. "Haiko mi ule. Ule banamutengeneza na macho yabo." Akaendelea kukanda unga.

Sijui kwa nini nimeanza na mama Feza. Nilitaka kuanza na kilio cha Silvestri, yaani matanga yake. Lakini mzee akifungua mdomo kinachotoka kwanza si alichokiweka juu, na mi nilifika darasa la tano tu, sikufundishwa kupanga maneno kama mafungu ya nyanya sokoni. Basi, ni pale kwenye kilio ndipo mama Feza aliponijia. Walikuwa wamefunga turubai uani kwa mtoto wa Silvestri, hapa Kasulo, mtaa wetu wa Kolwezi, na wenye nyumba walituomba tusiweke viti upande wa kushoto, kwa sababu huko chini walishachimba madini na udongo umebaki kama ganda la yai. Kwa hiyo tulibanana wote upande mmoja, waombolezaji, masufuria na wanakwaya, na upande wa pili ukabaki mtupu kama mahali pa marehemu. Kijana mmoja wa redio akashika maikrofoni. Akasema mzee Silvestri ndiye baba wa teatri ya Kolwezi, na kwamba ndiye aliyetuonyesha India bila kupanda ndege. "Nani hakumbuki ule muchezo wake wa malaya wa mungu?" akauliza. Watu wakacheka, kile kicheko cha kilio, chepesi, cha kumshukuru marehemu. Hata wasiokuwa wamezaliwa wakati ule walicheka. Jina hilo limebaki hapa mjini. Msichana akipita na nguo fupi mbele ya baa, utasikia, "Tazama, malaya wa mungu anapita." Hawajui lilitoka wapi. Mi ninajua lilitoka wapi.

Odeta alikuwa amekaa kando yangu. Ndiye aliyecheza yule mwanamke, wakati ule kiuno chake kikiwa chembamba. Sasa anatembea na fimbo na sukari imemla kidole cha mguu. Hakunigeukia. Akasema kwa chini, "Donati, usianze."

"Sijasema kitu."

"Ninakusikia venye unapumua."

Nikapumua vizuri. Lakini jioni ile nyumbani nilijikuta nimerudi kwenye mwaka ule, nimekaa ndani yake kama mtu aliyekaa kwenye nyumba ya zamani na kugundua anajua bado kila msumari ulipo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kama ishirini, nimetoka Kasaji na kinga yangu, yaani baiskeli, na mdomo wangu. Sikuwa na kitu kingine. Silvestri alinikuta sokoni ninasimulia watu hadithi ya fisi na mke wa pasta, akasimama mpaka mwisho, akacheka mpaka akavua miwani. Alikuwa karani wa kampuni ya shaba, mtu wa suruali iliyonyooka, mwenye kabati la vitabu vya Kifaransa sebuleni, na Jumapili alikuwa shefu, yaani kiongozi, wa kundi la teatri. Akanipa chumba nyuma ya nyumba yake. Chumba kilikuwa stoo ya mkaa zamani, na mpaka leo nikisikia harufu ya mkaa mbichi ninahisi nimepokelewa mahali. Mke wake alinipakulia bukari, ugali wetu, kwenye sahani ileile ya watoto wake. Silvestri mwenyewe alinifundisha kusimama mbele ya watu, kunyamaza kabla ya neno kubwa, kutotazama miguu yangu. Mtu wa kunifundisha hivyo sikuwahi kumpata tena. Ninalisema hili mapema ili usije ukadhani nilimchukia toka mwanzo. Nilimpenda. Ningemfuata mpaka ndani ya shimo.

Lazima nieleze tulivyokuwa tunacheza, maana bila hilo huelewi kitu. Kwetu mchezo hauandikwi. Shefu analeta hadithi, tunakaa kwenye viti kwa duara, tunakubaliana njia: huyu ataingia, ataomba hiki, yule atakataa, itaishia hapa. Maneno kila mtu anatoa tumboni mwake siku yenyewe, mbele ya watu. Na kuna sheria moja, kubwa kuliko zote. Mwenzako akikutupia neno jukwaani, unaliokota. Akikwambia wewe ni mwizi, wewe ni mwizi, hata kama jana tulikubaliana wewe ni padri. Hukatai, husemi "hapana, tulisema vingine," kwa sababu ukikataa mchezo unakufa pale pale na watu wanaona uzi. Neno likitupwa linaokotwa. Tulikuwa tunalisema hivyo kila mazoezi, kama wengine wanavyosema Amina. Nilidhani ni sheria ya urafiki.

Mwaka ule Silvestri alileta kitabu. Kilikuwa cha Kifaransa, jalada lake lina mwanamke aliyepaka macho wanja, kengele miguuni, tumbo wazi, na nyuma yake mnara wa hekalu kama keki. Alitusomea akitafsiri, jioni, sisi tumekaa chini na njugu. Hadithi ya mcheza ngoma wa hekalu huko India. Walimtoa kwa mungu angali mtoto, mapadri wa kule wakamfanya wanavyotaka, akaja afisa mmoja mzungu, akamwona anacheza, akapagawa, naye mwanamke akampenda, akamsaliti mungu kwa ajili ya afisa, kisha akanywa sumu. Odeta alilia. Mi pia nilishikwa, siwezi kudanganya, Silvestri alisoma vizuri. Lakini nilipolala kwenye chumba changu cha mkaa kitu kimoja kilinikaa kama mfupa wa samaki. Ndani ya kitabu chote kile yule mwanamke hakula. Alicheza, alilia, alibusu, alikufa. Hakuna siku aliyoosha sufuria, wala kukohoa, wala kugombana na dada yake. Mi msimulizi, hata fisi wangu anakula.

Tulihitaji nguo. Katikati ya mji kulikuwa na duka la vitambaa la Mhindi mmoja, tata Shankar, yaani bwana Shankar, mtu mpole wa miwani mizito, na mkewe tulimwita mama Kamala. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya chini, alisema Kiswahili chetu na alikuwa na neno la kumjibu kila mwanamke aliyebishana bei. Silvestri na mi tulikwenda kumwomba hariri. Alitupitisha nyuma ya duka, jikoni. Ninakiona kile chumba. Dirisha moja lenye wavu, mitungi ya viungo imepangwa kama kwaya, jiko la mafuta linatoa sauti ya nyuki, na pembeni, kwenye ubao mdogo, sanamu ya mungu wao imepewa ua jipya na ndizi. Usha, binti yake, alikuwa anachambua mchele. Mama yake akamtuma dukani. Silvestri akamsimulia kitabu, kwa mikono na macho, kama alivyojua. Mama Kamala alikuwa anakoroga dengu. Silvestri alipofika kwenye sumu, mwiko ulikuwa umesimama.

"Tata Silvestri," akasema, "nani aliandika hii?"

"Mutu wa Ulaya, mama. Mukubwa sana."

"Aliingia hekaluni?"

"Alisafiri kule, banasema."

"Kusafiri." Akarudisha mwiko. "Mi nasafiri ku Lubumbashi kila mwezi. Sijui bitu bya chumba cha kulala cha askofu wa kule."

Silvestri akacheka sana. Mi pia. Yeye hakucheka. Alitupakulia wali, dengu, na kitu cha embe bichi kikali kilichonifunga masikio. Tukala kwa mkono, yeye amesimama. Tulipokuwa katikati ya sahani, akasema, akiangalia jiko, kwamba mama ya mama yake, nkambo wake, alikuwa mmoja wa wale. Devadasi, ndivyo walivyoitwa, mtumishi wa mungu. Alifungiwa shanga za ndoa shingoni angali mdogo, mume wake akiwa ni yule mungu wa hekalu. Na kwa kuwa mungu hafi, mwanamke yule hawezi kuwa mjane. Kwao mjane ni mkosi, hasogei kwenye arusi ya watu. Lakini huyu hafiwi. Kwa hiyo msichana akiolewa kijijini, yeye ndiye aliyeitwa kutunga uzi wa shanga za bibi arusi, ili baraka ya kutofiwa ipite vidoleni mwake. Alijua kusoma wakati wake wa watu wenye heshima hawakujua herufi. Alikuwa na shamba, na nyumba iliyorithiwa na mabinti. Alikohoa kila asubuhi. Aligombana na dada yake juu ya mti wa ukwaju mpaka wakazeeka.

"Sisemi ilikuwa muzuri," mama Kamala akasema. "Balimutoa mutoto. Hakuna mutu alimuuliza. Alikuwa na bwana mumoja, mwenye mashamba, mpaka ule bwana akakufa, na kila mutu alijua. Sifichi kwenu. Lakini malaya haiko jina yake. Kisha serikali ikakataza ile kazi, na batu bale bale alibatungia shanga bakatemea mate mulango yake. Mama yangu akahama, akabadilisha jina. Mi niliolewa na jina ya kubadilisha."

Silvestri akaacha kula. Akauliza, tata Shankar anajua?

"Bwana yangu anajua mi ni binti ya mwalimu. Familia yake hapana kujua. Na Usha ameposwa Lubumbashi, bakwe banakuya kufunga maneno mwaka huu." Akatutazama sasa, mmoja, kisha mwingine. "Nitabapatia hariri. Nitafundisha ule binti wenu kucheza, juu nimeona venye anatikisa matako, mungu angehama hekalu. Lakini muchezo ufuate ule wa kweli. Afisa aombe, mwanamke akatae, aende kutunga shanga ya bibi arusi, muchezo uishe pale. Na mutu hata mumoja asijue ni nkambo wa nani."

Silvestri aliweka mkono kwenye sahani yake, ule mkono wenye wali bado, akasema, "Mama, nimekula kwako."

Kwetu hiyo inatosha. Watu wengine wanaweka sahihi. Sisi mtu akisema nimekula kwako, umemaliza. Sikuwahi kusikia mtu wa hapa akisema hivyo kisha akafanya vingine. Mama Kamala alilijua hilo, amekaa hapa miaka mingi, ndiyo maana hakuomba kitu kingine.

Basi ukaja ule wakati ambao hata leo siwezi kuukasirikia. Alasiri duka likifungwa tulikusanyika jikoni kwake, mi na ngoma yangu ndogo katikati ya magoti, Odeta amefungwa khanga kiunoni. Mama Kamala alikaa kwenye kiti, maana magoti yalimuuma, na akacheza akiwa amekaa, kwa mikono, macho na shingo tu. Alinitolea mapigo kwa mdomo, ta ka dimi, ta ka jonu, mi ninayatafuta kwa vidole, nikikosea ananipiga kofi la bega. "Wewe unapiga kama unatwanga majani ya sombe, mwanangu." Mwanangu. Alikuwa ananiita hivyo. Kumbe alijifunza kwa nkambo wake kwa siri akiwa mtoto, na mama yake alipomkuta alimchapa, na toka siku ile hakuwa amecheza, kwenye nchi yake wala ya watu. Mara moja alimwonyesha Odeta jinsi mwanamke anavyotunga shanga bila shanga na bila uzi, anauinua uzi, anafumba jicho kutafuta tundu, anaupitisha, na mi niliona uzi. Niliuona, ninyi. Usha alikuwa amesimama mlangoni na mchele mkononi. "Mama, nani alikufundisha?" akauliza. "Redio," mama yake akasema. Sote tukacheka, na Silvestri, aliyekuwa amekaa kwenye gunia la dengu, alicheka kuliko sisi.

Lakini njiani kurudi alianza kunyamaza. Kundi moja la Lubumbashi lilikuwa limepita mjini kwetu, watu wakajaa mpaka madirishani, na siku moja kabla ya hapo mchezo wetu sisi ulikuwa umechezewa viti vitupu. Usiombe kumwona mtu mwenye kipaji anayechezea viti. Akawa ananijaribu. "Donati, wewe unajua batu. Batalia juu ya nini? Juu ya shanga?" Nikamwambia mi nililia. "Wewe unalia hata juu ya fisi." Siku nyingine, sebuleni, mkewe akitupakulia, akasema, "Kitabu kina nguvu, unaelewa? Malaya anayependa, anakufa. Hiyo inaingia rohoni ya mutu. Sasa mi niende mbele ya batu niseme mke wa mungu anakula wali?" Mkewe akasema, bila kumtazama, "Na wewe si unakula wali wake." Akanyamaza. Nilidhani maneno yameishia pale. Nilidhani mtu akinyamaza amekubali, hivyo ndivyo nilivyokuwa, na mtu wa miaka ishirini haulizi mara ya pili mtu aliyempa chumba.

Nikuambie yaliyotokea baadaye kwanza, maana ni mafupi. Wakwe wa Lubumbashi walirudi Lubumbashi bila kufunga maneno. Tata Shankar alionekana dukani juma zima akikunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Mi nilikwenda. Nilisimama mbele ya meza yao, kofia mkononi. Mama Kamala alitoka nyuma, akanitazama kama unavyomtazama mteja wa kwanza wa asubuhi. "Unatafuta nini, tata?" akaniuliza. Tata. Kwa heshima kabisa. Nikanunua kifungo. Kifungo kimoja cha shati, akanifungia kwenye karatasi. Kabla mvua haijaanza duka lilikuwa na mwenye mwingine, na waliosema wamehamia Lubumbashi na waliosema wamerudi kwao wote walikuwa wanakisia. Sijui Usha aliolewa wapi. Odeta alirudisha hariri siku moja kabla hawajaondoka, imefuliwa, imepigwa pasi. Anasema mama Kamala aliipokea, akainusa, akamwambia, "Umeweka sabuni mingi." Ndiyo hayo tu. Kule kwenye kilio, kijana wa redio alipomaliza, nilimuuliza Odeta jambo ambalo sikuwahi kumuuliza maisha yote, kwa nini aliokota. Alisubiri wanakwaya wamalize ubeti. "Shefu alitupa," akasema. "Ningefanya je? Ningeacha neno chini?" Hakusema kwa kujitetea. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini alishika mtoto aliyekuwa anaanguka. Na ninajua ungekuwa mchezo mwingine ningemwambia ulifanya vizuri, ndiyo sheria.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili, baada ya misa na chakula, jua kali, ukumbi wa wafanyakazi umejaa, watu wamekaa hadi kwenye vizingiti. Sikujua kwa nini wamejaa vile mpaka nilipochungulia pembeni ya pazia. Silvestri alikuwa amepita kila kambi, na kila baa, akisema hii si hadithi ya kitabu, ni ya kweli, na mwenyewe atakuwepo. Mstari wa mbele alikuwa amewawekea viti vyenye mito. Tata Shankar amevaa tai. Usha ana maua kwenye nywele. Wakwe kutoka Lubumbashi, baba, mama na kijana mwenyewe, wamealikwa kama wageni wa heshima, kwa kuwa nguo zimetoka kwa familia yao ya baadaye. Na mama Kamala, katikati yao, mikono mapajani, anatabasamu kidogo kama mama anayesubiri mtoto wake asome shairi.

Silvestri akatoka mbele ya pazia. Alinyamaza kabla ya neno kubwa, vile alivyonifundisha. Akasema, "Batata na bamama, leo hatuchezi kitabu. Tunacheza damu. Ule mwanamke wa hekalu mutakayemuona, mujukuu wake iko hapa, anakula bukari na siye, anatuuzia bitambaa. Mama Kamala, simama, batu bakuone."

Ukumbi ukapiga makofi. Na yeye akasimama. Hili ndilo ninaloliona. Watu walikuwa wanapiga makofi, wanamwita jina, na mtu akipigiwa makofi mwili unasimama wenyewe. Alisimama, na tabasamu lile lile bado liko usoni kwa sababu halikuwa limepata habari, na kando yake mume wake anamtazama kutoka chini, na mama mkwe anaushusha mkoba wake kutoka kwenye kiti polepole na kuuweka mapajani.

Pazia likafunguka. Nilipiga ngoma. Mikono ilijua kazi yake, ta ka dimi, na Odeta akatoka, akacheza ile ngoma ya jikoni, vizuri kuliko siku zote, na kwa dakika chache ukumbi wote ulinyamaza, na mi nikajidanganya kwamba labda litapita. Labda alitaka jina tu, labda mchezo wenyewe atauacha. Silvestri akaingia kama afisa, na kofia. Njia tuliyokubaliana: anaomba, anakataliwa. Akamzunguka Odeta mara mbili. Akasema, kwa sauti yake nzuri ile, "Banasema wewe ni bibi ya mungu. Mi naona malaya. Mungu anakukopesha kwa kila mutu, leo akukopeshe kwangu."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Macho ya Odeta yalikuja kwangu, kisha kwa Silvestri. Akalegeza kiuno. Akashusha hariri begani, hariri ya mama Kamala, akasema, "Mungu amelala, bwana yangu. Ingia polepole."

Aliokota.

Wakacheka, wakapiga miguu, mtu akapiga mluzi, na Silvestri alikuwa anawaka, alikuwa mzuri sana mbele ya watu, nani atakataa. Akawaacha wacheke mpaka mwisho, kisha akanigeukia mi, kwa sababu mpiga ngoma kwenye michezo yetu pia ni msimulizi, na kila mtu alikuwa anasubiri zamu ya mdomo wangu. Akaninyooshea kidole. Usoni alikuwa na upendo, ninaapa, ule ule wa sokoni. Akasema, "Na wewe, mupiga ngoma wa hekalu, wewe unayebafungulia mulango kila siku. Ambia batu. Ni banaume ngapi banaingia kwa huyu nkambo?"

Neno likadondoka mbele ya miguu yangu. Ukumbi ukasubiri niliokote. Nilikuwa na majibu, hata matatu, yalikuja yenyewe, na moja lilikuwa la kuchekesha sana, lipo mpaka leo, sijawahi kulisema kwa mtu.

Niliweka ngoma chini. Sikuitupa, niliiweka, nikiwa bado nimekaa, ili isitoe sauti. Nikasimama, nikashuka ngazi za pembeni zile za mbao, tatu, ya katikati ilikuwa inalia. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka kidogo, wakingoja. Nilipita mbele ya mstari wa viti vyenye mito. Mama Kamala alikuwa ameketi tena. Vidole vyake vilikuwa vinafanya kitu mapajani, vinainua, vinapitisha, vinavuta. Hakuinua uso. Nyuma yangu nilisikia Silvestri akisema, "Ameenda kuita bengine," na kicheko kikaja kama mvua juu ya mabati, nikajua ameliokota mwenyewe, mchezo haukufa.

Nje jua lilikuwa limesimama pale pale. Mama mmoja wa mikate ya mafuta alikuwa amekaa chini ya ukuta na beseni lake, akikoroma kwa usingizi. Akafumbua jicho.

"Muchezo umeisha, tata?"

"Bado, mama," nikamwambia, nikaendelea kutembea.